Mwanga Tumboni mwa Bongsun

Bongsun alinyonya pilipili yote kwenye kipande cha kimchi, kabichi iliyochachushwa, akakilainisha kwa meno, akakipeleka kinywani mwa mjukuu wake Haram. Ndivyo yeye mwenyewe alivyolishwa na bibi yake, na ndivyo alivyomlisha mwanawe Sanggu. Mkono wa Yerim, mke wa Sanggu, ukawahi kukizuia.

"Samahani, Mama. Taa yako inawaka tena."

Kweli ilikuwa inawaka. Chini ya kifua, kupitia blauzi ya shamba, palionekana kimwanga cha rangi ya chungwa bivu. Bongsun akavuta aproni, akakifunika kwa haya.

Zamani kijiji kizima kiliwaka. Waliozaliwa enzi za kisima, wakachovya vijiko vyao kwenye chungu kimoja, walikuwa na taa tumboni, na hakuna aliyehitaji kurunzi kwenda chooni. Vijana wa kiwanda cha nguo ndio waliowaka kuliko wote. Mume wa Bongsun, mmoja wao, alipoanza kutapika damu, daktari wa kiwanda alimwambia ni hasira, ajirekebishe. Akajirekebisha. Alikuwa mpole hadi paka wa jirani walimlia samaki sahanini, na akafa hivyohivyo, mpole, kabla hajaota mvi. Bongsun jambo moja liliendelea kumchoma: afadhali angekufa amegombana na mtu.

Kisha yakaja mabomba, ikaja na dawa ya kuua vijidudu vya tumboni vilivyowasha taa hizo. Sanggu akameza, akazimika. Bongsun naye akazimika. Watoto wa siku hizi wanazaliwa bila taa, na hakuna anayeulizia.

Yerim alimpeleka zahanati. Daktari akapitisha mpira kooni, akachungulia.

"Hii siyo ile ya zamani, bibi. Vijidudu hamna, mtoto haambukizwi. Hii ni ya vidonge vyako vya magoti. Zamani walikuja hapa vijana wa viwandani, siku hizi ni nyie mabibi mnaolima vitunguu saumu. Ukiacha vidonge, itazimika. Ukiendelea, itakutoboa tumbo."

"Na vitunguu utang'oa wewe, mwanangu? Na vidole hivyo laini?"

Daktari akacheka, akaficha mikono mfukoni.

Bongsun aliacha vidonge. Taa ikaanza kufifia, na magoti yakagoma. Alikaa barazani akiangalia shamba lililokomaa huku mvua za majira ya joto, ziozeshazo vitunguu ardhini, zikinukia mlimani, na moyo ukamuuma kuliko magoti.

Jumapili Sanggu akaja kuchukua mkewe, mwanawe na vitunguu, kama kila mwaka.

"Vichache hivi, Mama? Wakwe zangu nitawapa nini?" Halafu akajishtukia. "Lakini pumzika, Mama. Afya kwanza."

Akapakia magunia yaliyokuwepo. Kabla ya kuondoka akaweka boksi la vidonge barazani. "Vya mjini hivi, vikali. Utakimbia kama msichana." Alimpenda mama yake, hilo halina ubishi.

Bongsun akateremsha viwili kwa chai baridi ya shayiri. Magoti yakatii. Jioni ilipoingia alikuwa bado shambani, amevua aproni apate kuona mstari, na bonde lote mabibi wenzake waliwaka hivyohivyo, wameinama.

Gari la Sanggu, lililochelewa kwa majirani, ndiyo kwanza lilikuwa likipanda barabara ya juu. Alipouona mwanga wa mama yake alidhani anaagwa, akajibu kwa kuwasha taa mbili za gari, akazima, akawasha. Bongsun akapunga mkono wenye udongo, akainama kung'oa kingine.