Ya Zamani ni ya Fundi

Mama yangu aliacha kunywa chai. Anaipenda chai kuliko anavyonipenda mimi, lakini kila nikimwekea kikombe alikisukuma pembeni, maana akinywa itabidi aende chooni, na choo chetu kilikuwa kibovu. Nyonga yake ilivunjika mwaka juzi, hawezi kuchuchumaa kwenye choo cha nje. Ikabaki ndoo. Mwanamke aliyelea watoto saba, analia juu ya ndoo! Nikikumbuka nachemka mpaka leo.

Kile choo cha kukaa kiliwekwa na marehemu baba, Mzee Mdoe, aliyekuwa fundi kwenye shamba la mkonge kule Korogwe. Nyumba ya meneja ilipobomolewa akapewa bakuli na tangi lake, lenye koki ya shaba, ile yenye mkono na boya inayofunga maji tangi likijaa. Akavileta hapa Handeni, na kwenye ule mkono akachora herufi M kwa tupa. Koki ikafanya kazi miaka thelathini na moja.

Mwezi uliopita ikaanza kuvuja. Nikamwita Godlisten, fundi bomba. Akaitazama kidogo tu.

"Mama, hii imekufa. Spea zake hazipo tena duniani."

Akafunga ya plastiki, ya shaba akaitia kwenye begi lake. Sikuuliza. Huku kwetu kifaa kikitolewa huondoka na fundi, na mimi nimekua nikiona hivyo.

Plastiki ilidumu siku tisa. Ikapasuka, maji yakawa yanapita tu. Na maji yetu ni ya mgao, yakija leo unayangoja wiki nzima! Simtanki lote la akiba likaishia chooni, hata maji ya kumwagia kwa kopo hayakubaki, mama akahamia kwenye ndoo. Nikampigia Godlisten. Eti ninunue seti mpya nzima, bakuli na tangi. Bakuli limekosa nini? Nikazunguka madukani, kila duka seti nzima, seti nzima, utadhani wamefundishwa darasa moja.

Siku ya kumi na mbili ya ndoo nikapanda basi la asubuhi kwenda Korogwe, kwa Mzee Twaha, anayeuza vyuma chakavu nyuma ya soko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini?"

"Koki ya tangi la choo. Ya shaba, zile za nyumba za mkonge."

Akapekua gunia, akanipa moja. Nikaigeuza. M.

Nikakaa juu ya rimu la gari.

"Hii kaileta nani?"

"Fundi mmoja wa Handeni, Godlisten. Huniletea vitu mara kwa mara."

"Ni ya baba yangu!"

"Mwanangu, ya zamani ni ya fundi. Ndiyo desturi."

"Hata ikiwa nzima?"

Akaifungua, akaipuliza, akanionyesha kipande cheusi cha mpira kisichozidi ukucha wa kidole gumba. "Nzima kabisa. Kilichoisha ni huu mpira tu." Akachukua tyubu kuukuu ya pikipiki, akakata mwingine kwa kisu, akaupachika. Hata dakika tano hazikufika. Siku kumi na mbili mama yangu amedhalilika kwa kipande cha mpira! Nikainunua koki ya baba yangu mwenyewe, na hilo naomba mtu asinichekee.

Kesho yake nikampigia Godlisten. "Njoo, spea nimepata."

Akaja anatabasamu, mpaka alipoiona ile M. Akaifunga, jasho linamtiririka. Tangi likajaa, koki ikayafunga maji yenyewe. Mama akaingia na mkongojo wake, akafunga mlango. Tukasikia maji yakishuka kwa kishindo, kisha sauti yake kutoka ndani:

"Asnath! Chai iko wapi?"

Nilitaka kucheka, nikajikuta nafuta macho. Godlisten akakohoa.

"Mama, sasa, na ile hela ya ufundi..."

Nikaokota ile koki ya plastiki iliyopasuka, nikamwekea kiganjani, nikamkunja vidole juu yake.

"Chukua, mwanangu," nikamwambia. "Ya zamani ni ya fundi."