Nyumba ya Bi Doreen Yaingia Kwenye Filamu

Doreen Applegarth, mjane wa miaka sabini na mmoja, alikuwa amekaa miaka arobaini katika nyumba yake ya mawe na paa la nyasi kijijini Nether Combley. Milango ilikuwa mifupi, kuta zilitoka jasho mwaka mzima, na panya wa darini walishamzoea. Siku alipofika mwongozaji wa filamu, kijana aitwaye Rupert, alisimama getini mkono kifuani, nusura alie.

"Mama, Uingereza yenyewe ndiyo hii," alisema. "Tutarekebisha kidogo tu."

Doreen akahamia kwa muda kwa jirani yake, Norman Tuckett, fundi bomba mstaafu. Wakawa wanatazama kutoka dirishani. Mawaridi ya Doreen yalikuwa hayajachanua, basi yakafunikwa kwa mawaridi ya plastiki. Kisha mafundi wakapaka rangi ya kijani juu ya kuvu lililoota ukutani, maana la kweli halikuonekana la kweli.

"Wanaizeesha nyumba yako," Norman alisema.

"Wangeniuliza mimi. Mbona inazeeka yenyewe bure."

Siku ya tatu akahitajika bibi wa kupita na kikapu mbele ya geti. Doreen akajitolea. Rupert akalitazama koti lake la mvua la buluu, akamtazama usoni, akasita.

"Samahani, mama. Hufanani na mtu wa kijijini."

Akaletwa bibi mwingine kutoka London, akavishwa shali. Siku hiyohiyo mwigizaji mkuu, mwanamke mrefu, akajigonga kichwa mlangoni hadi akazirai. Ikaamuliwa kwamba vyumba vya ndani vijengwe upya studio, virefu, vyenye jua.

Filamu ilipotoka, Doreen na Norman wakaenda kuitazama mjini. Moto unawaka, mkate uko mezani, paka kalala dirishani. Doreen akatoa leso.

"Sasa unalia nini, mwenzangu?" Norman alinong'ona.

"Ningepata nyumba kama ile, nisingetamani kingine."

"Si ndiyo yako ile?"

"Kwa nje. Mle ndani sijawahi kukanyaga."

Waliporudi wakakuta mume na mke wageni wamesimama barabarani, simu mkononi, wanapiga picha.

"Mama, sogea kidogo," mume akasema kwa adabu. "Unatuharibia picha."

Doreen akawapisha. Akapita getini, akafungua mlango, akaingia kuinjika chai.