Kuna Mtu Hapa Anaoa?

Thuo na mkewe Waringa walikuwa Wayahudi wa Kinoo, na majirani walikuwa wameshachoka kuwacheka. Kilichowashangaza zaidi ni kwamba kila mwezi Waringa alipoingia siku zake, mumewe hakumgusa kabisa, kwa sheria ya dini yao. Hata kikombe cha chai hakumpa mkononi. Alikiweka mezani, mwenyewe akichukue. Zile siku zikiisha na nyingine saba safi kupita, Waringa alikwenda Limuru kujitosa kwenye maji ya chemchemi ili ajitakase. Akirudi, nywele bado mbichi, alisimama mlangoni akauliza, "Kuna mtu hapa anaoa?"

"Yuko!" Thuo alijibu, akatoka mbio kama kijana, mvi na yote. Walioana upya kila mwezi, miaka nenda miaka rudi. Hao wachekaji, nani kati yao aliweza kusema hivyo?

Kisha damu ikakataa kukoma. Daktari mmoja Parklands akasema ni saratani ya mlango wa kizazi, na imeshasambaa. Thuo akahamia wodini. Jamani, alimhudumia yule mwanamke! Lakini kumgusa, la, maana damu ilikuwa haijakoma. Wauguzi ndio waliomgeuza na kumlisha. Yeye aliweka kikombe juu ya kabati la kitanda, akarudisha mkono wake mfukoni.

Ijumaa, jua likizama, Waringa alisema, "Baba Ciru, nishike mkono. Naogopa."

Thuo alisogeza kiti karibu. "Ngoja kidogo, Mama Ciru. Nitamuuliza Mzee Njuguna." Njuguna ndiye aliyewafundisha sheria. Lakini Sabato ilikuwa imeshaingia, na siku ya Sabato simu haiguswi.

"Kungoja nimezoea," Waringa alisema, akajaribu kucheka. Mkono wake ukabaki juu ya blanketi, kiganja wazi.

Jumamosi kutwa Thuo aliketi akiutazama mkono huo. Mtu mzima na akili zake! Lakini hivyo ndivyo alivyojua kumpenda, kwa kungoja, na kungoja hakujawahi kumwangusha. Alasiri Waringa akaacha kuitika. Thuo akalia, mikono ameikalia.

Nyota tatu zilipoonekana dirishani, Sabato ikawa imekwisha. Alitoka hadi koridoni akapiga simu.

"Thuo!" Mzee Njuguna alipaza sauti. "Mgonjwa wa kufa? Sheria ina huruma, bwana! Mshike! Nani alikuambia ungoje?"

Hakuna aliyemwambia. Alirudi mbio. Kavutha, muuguzi wa zamu, alikuwa amesimama kando ya kitanda.

"Pole, mzee. Ametuacha sasa hivi tu."

Mkono ulikuwa bado na joto. Thuo akaushika kwa mikono yake yote miwili, akaubana, akaungoja umbane.

"Yuko, Mama Ciru," alimwambia. "Yuko mtu hapa anaoa."