Orodha Isiyozuia Kitu

Ijumaa za Kwaresima, mjini kwetu Erie, Marekani, hata asiyesali hula samaki kanisani. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, watu wanapangusa theluji viatuni, nami nimeshika sinia nikingoja viazi, Gordon Haupt aliponijia kwa nyuma.

"Renata, leo tukae meza moja. Nina karatasi ya kukuonyesha."

Gordon ni bosi wangu. Kiwanda chake kinatengeneza gasketi, vile vipete vya kuzibia maungio ya pampu za visima vya mafuta, na mimi ndiye ninayeshughulika na wateja wa nje. Karatasi niliijua kabla hajaitoa. Tangu Krismasi hatukuwa na habari nyingine pale kiwandani ila Sorvaneft, kampuni ya mafuta ya Urusi, mteja wetu mkubwa, ambayo serikali yetu iliiingiza kwenye orodha ya vikwazo.

Lakini orodha ipi? Hapo ndipo watu wazima na suti zao hupotea. Iko orodha inayokamata mali. Aliyemo humo, Mmarekani haruhusiwi kumuuzia hata msumari. Na iko hii nyingine, ambayo haikamati kitu. Inasema tu kwamba kampuni hii isikopeshwe kwa zaidi ya siku sitini. Ukitaka kuiuzia, uza. Ikikulipa, pokea. Usiipe tu muda mrefu wa kulipa, basi. Sorvaneft ilikuwa kwenye hii ya pili, na sisi tuliiuzia gasketi za visima vya zamani, kihalali kabisa.

Nao walilipa mapema. Benki yetu ikaona jina, ikashtuka, ikazirudisha hela Urusi bila kutuambia. Nilipopiga simu nikajibiwa, "Jina hili liko kwenye orodha." Nikawaambia wasome orodha yenyewe. "Tunaelewa, dada, sheria haituzuii, ila hatutaki matatizo." Nikapiga simu serikalini. Sauti laini ikaniambia, "Sisi hatujaizuia kampuni hiyo. Benki ina hiari yake." Kila mmoja ananawa mikono kama Pilato, na taulo wamenikabidhi mimi.

Wakati wanatupiana mpira, siku sitini tangu tuuze zikapita. Na hapo, sikilizeni maajabu, gasketi ambazo hazijalipiwa zikageuka mkopo. Hela ambazo benki ilizikataa zikawa deni ambalo sisi tumelitoa. Tukawa wavunja sheria kwa kucheleweshwa na watu waliokuwa wakijilinda na sheria hiyohiyo! Ofisa wa benki akamnong'oneza Gordon kwenye simu, "Andikeni ankara mpya yenye tarehe mpya, itapita." Gordon akaiandika kwa mkono wake. Nilisimama pale mezani pake nikamwambia asifanye. Akafanya. Ikapita, hela zikaingia.

"Wakili ameipanga vizuri," Gordon alisema tulipoketi. Aliisukuma karatasi kando ya sahani yangu. "Tukijisema wenyewe kwa ofisi ya vikwazo, faini inapungua nusu. Weka sahihi tu."

Nikasoma: *Mfanyakazi wa mauzo ya nje, kwa kutoielewa sheria, alibadilisha tarehe ya ankara.*

"Mfanyakazi gani huyo?"

"Usianze, Renata."

"Nakuuliza, bosi. Mauzo ya nje kwetu ni mimi na kalenda ya ukutani. Kalenda ndiyo iliyobadilisha tarehe?"

Shangazi yangu Halina, aliyekuwa akigawa kabichi meza kwa meza, akacheka. "Gordon, mwache mtoto ale, samaki anapoa."

"Tunaongea kazi, Halina."

"Basi ongeeni huku mnatafuna."

Gordon akainama, akashusha sauti. "Kosa la karani ni kosa tu. Kosa la mwenye kiwanda wanaliita kusudi. Faini ya kusudi itatufunga mlango. Wenzako wote watakwenda nyumbani. Unataka hivyo?"

"Na mimi nitakwenda wapi? Taarifa hizi zinachapishwa. Nani atamwajiri mwanamke aliyeghushi ankara ya Warusi? Nitauza nini nje, pierogi za viazi za jikoni kwa shangazi?"

"Nitakuandikia barua nzuri."

"Barua nzuri kutoka kwa mwizi."

"Hujaibwa chochote wewe!"

"Unataka kuniibia jina, Gordon, na unaniomba nikushikie tochi."

Meza ya jirani wakageuka kututazama. Nilijua nimepandisha sauti, na sikuishusha.

"Andika ukweli," nikasema. "Andika kwamba benki ilizirudisha hela. Andika nani alikuambia ubadilishe tarehe."

"Benki hiyo ndiyo iliyotupa mkopo wa kiwanda! Nikiwataja leo, kesho wanaudai wote. Huelewi?"

"Naelewa vizuri. Benki inaiogopa serikali, wewe unaiogopa benki, na wote mmetafuta mtu ambaye hamna haja ya kumwogopa. Mmenipata mimi."

Alifumba macho. Kwa kweli alionekana amechoka, mashavu yamemshuka, na kwa muda mfupi nilimwonea huruma. Baba yangu alifanya kazi kwa baba yake. Ndipo akachomoa kalamu mfukoni, akaiweka juu ya karatasi, mbele yangu, polepole, kama mtu anayemwekea mtoto kijiko cha dawa.

Huruma ikaisha.

Nilichukua kalamu. Nikakata *Mfanyakazi wa mauzo ya nje*, na juu yake nikaandika *Gordon Haupt, kwa ushauri wa benki yake*. Nikamrudishia karatasi.

Akaisoma. Masikio yakamwiva. "Jumatatu usije."

"Sitakuja. Jumatatu nitakuwa naandika yangu kwa ofisi ya vikwazo."

"Utatuua wote, Renata! Kwa sababu ya jina!"

"Jina lako lina thamani kiasi kwamba unataka kulifunika na langu. Kwa nini langu liwe rahisi?"

Akanyanyuka, koti mkononi, hakumaliza chakula. Shangazi Halina alisimama na bakuli lake la kabichi, safari hii hacheki. "Mwanangu, huyo ndiye anayekulipa."

"Alikuwa, shangazi."

"Na kodi ya nyumba?"

Nilikula samaki wangu wote, amepoa, kwa sababu nilikuwa nimemlipia.

Jumatatu asubuhi niliketi jikoni nikaandika kila kitu: nani alikataa hela, nani alinong'ona, nani aliandika ankara ya pili, na mimi nilisema nini nikiwa nimesimama wapi. Jina la benki nililiandika kwa herufi kubwa. Mwishoni nikaweka sahihi yangu, jina zima, Renata Sobczak, nikaenda posta kwa miguu kwenye theluji.