Kigingi Uani kwa Zebedayo

Mjane mwenye shamba la kakao huwatazama mashemeji kama anavyowatazama kuku karibu na mpunga ulioanikwa. Ndivyo Tusekile wa Ngonga alivyomtazama Zebedayo tangu alipomzika mumewe, Anyitike, pale kando ya migomba. Zebedayo alikuwa mdogo wa marehemu, na shamba lake lilipakana na la mjane.

Basi Tusekile akaenda Mbeya kumlea binti yake, Kisa, aliyejifungua. Aliporudi alikuta mambo mawili yasiyompendeza. Kwanza, kichwani pa kaburi la mumewe udongo ulikuwa mbichi na umepandwa sale, mmea ambao watu huupanda mpakani. Pili, uani kwa Zebedayo, karibu na jiko, kilisimama kigingi cha saruji chenye kichwa chekundu. Alivijua vigingi hivyo. Wapima njia ya reli ya mizigo walishakuja zamani, wakapima, wakaiacha njia yao na vigingi vyao. Wanawake wakavitumia kunolea visu. Sasa walikuwa wamerudi.

"Ugonile, mama Kisa," Zebedayo alimsalimia.

"Nani kapanda sale kwa mume wangu?"

"Mimi."

"Kaburi limekuwa mpaka?"

"Nimepapendezesha tu, shemeji." Akainama kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Kupendezesha! Mtu aliyezeekea yadi ya mizigo kule Mbeya, akiunganisha mabehewa, leo amekuwa mpenda maua? Tusekile alikisukuma kigingi kwa mguu. Kikayumba. Vigingi vingine alivyovipita njiani vilikuwa vimeshindiliwa, hata ng'ombe hawakuvitikisa. Hapo moyo ukamchemka: huyu amekihamisha kigingi kutoka majarubani kwenye mpunga, ambako bila shaka ndiko kilikopigwa, reli ipite uani kwake ale fidia, kisha ahamie shambani kwa mjane. Ndiyo maana ameshaanza kuchora mpaka, tena juu ya kaburi la ndugu yake. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na usingizi ukamkimbia.

Asubuhi alipanda bodaboda hadi Bondeni, ambako wapima walikuwa wakifunga mizigo waondoke. Akawasimulia yote kwa sauti kubwa kiasi kwamba wenye maduka walitoka nje kusikiliza. Mkuu wao, dada mmoja mpole, alirudi naye pamoja na kipimo chake. Gwamaka, mwenyekiti wa kitongoji, naye akaja.

Zebedayo alipowaona aliketi kwenye kinu, akavua kofia. Tusekile alifurahi sana kumwona hivyo.

Dada yule alikitazama kigingi, akatazama kipimo, akatikisa kichwa. "Si hapa." Akaanza kutembea. Tusekile alimfuata akijua wanaelekea majarubani. Lakini dada alipinda, akaingia kwenye migomba, akasimama penye sale. Akaung'oa. Chini yake palikuwa na shimo la mraba lililofukiwa, lenye vipande vya saruji.

"Kilikuwa hapa," alisema.

Tusekile aligeuka. Zebedayo alikuwa amewafuata, kofia mkononi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, shemeji, Kyela nzima ingejua kabla ya jioni." Akaitazama kokwa ya udongo mbichi. "Nimeziona njia zilizoachwa. Garimoshi linakoma, nyasi zinaota, lakini kokoto hazitoki, na aliyelala chini hapatikani tena. Jiko langu nitajenga jingine."

Tusekile aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Akamshika dada mkono. "Mwanangu, kiacheni kulekule kwake. Nilikosea."

"Siwezi, mama. Nimeshaona, na mwenyekiti ameshaona." Dada alimwambia kwa upole wa kweli. "Umefanya vizuri kutuita. Wathamini wa fidia wangefuata vigingi walivyovikuta, tungekosea njia."

Gwamaka akaamuru kigingi kirudishwe. Zebedayo alikwenda kukileta mwenyewe begani, akakisimamisha kichwani pa kaka yake. Kisha akamwomba Tusekile akishikilie wima, ili yeye ashindilie udongo.