Watu Kumi kwa Ajili ya Naume

Ukitaka kujua Myahudi gani anaishi wapi kati ya Kidatu na Kivukoni, usihangaike na ofisi yoyote. Njoo kwangu, nyumba ya wageni ya Mama Agnella, nyuma ya stendi ya Ifakara. Nitakwambia yupo nani, anafanya kazi gani, anakula samaki gani na yupi hamgusi, na sikukuu yao ijayo itafanyika wapi. Itafanyika uani kwangu, kwa taarifa yako. Watu hucheka wakisikia hivyo, maana mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa, kipaimara juu, na kanisani nina benchi langu ambalo hakuna anayelikalia. Waache wacheke.

Ilianza na Bwana Yonadabu, Mganda wa makamo, mtaalamu wa mpunga aliyekuwa akisimamia mashamba ya majaribio Idete. Alipanga chumba changu cha mwisho. Mtu mkimya, anafua nguo zake mwenyewe, haendi kanisani wala msikitini. Nikamweka kwenye fungu la wasomi wasio na dini, nikaendelea na shughuli zangu. Asubuhi moja niliingia kubadilisha mashuka nikakuta kioo changu kimefunikwa kwa taulo, na yeye amekaa kwenye kigoda cha jikoni, shati limechanika kifuani. Nikaanza kufoka kuhusu kigoda. Alipoinua uso nikamwuliza kuna nini.

Mama yake alikuwa amefariki huko kwao, karibu na Mbale, akazikwa kesho yake, kwa sababu desturi yao haimruhusu marehemu kungojeshwa. Yonadabu asingewahi hata angekuwa na mabawa. Ndipo aliponiambia kwamba yeye ni Myahudi, wa kuzaliwa, tangu babu yake, na kwamba kioo, kigoda na shati ndivyo wao wanavyoomboleza. Nikamtazama. Ni mweusi kuliko mimi. Nikamtazama tena, akasema amezoea kutazamwa hivyo.

Alichotaka hakikuwa kikubwa. Iko sala ambayo mtoto humsomea mzazi aliyefariki, inaitwa Kadishi, na haisomwi mpaka wawepo Wayahudi kumi, watu wazima, wa kuitikia. Yeye hakumjua hata mmoja katika bonde zima. Aliyasema hayo kwa utaratibu, kama anaeleza habari za mbegu, kisha akalia. Mimi nikakasirika. Kwetu mtu akifiwa, turubai linafungwa kabla hajafuta machozi, masufuria yanatoka kila nyumba, na usipoonekana msibani utasemwa mpaka uzeeke. Huyu amefiwa na mama mzazi, na wa kulia naye ni kigoda.

"Kumi tu?" nikamwambia. "Jumapili utakuwa nao."

Alijaribu kunieleza kwamba si jambo jepesi. Sikumsikiliza. Nilimwuliza tu Myahudi anatambulikaje, akanitajia mambo mawili matatu, nikatoka. Nikatangaza kwa wauza nyama, kwa bodaboda na kwa wenzangu wenye nyumba za wageni: nitafutieni mtu asiyekula kitimoto, ambaye si Mwislamu, na Jumamosi hafanyi kazi. Jioni ile ile ua wangu ulijaa. Kumbe nilikuwa nimewaita Wasabato wa mji mzima. Mbele yao alikuwa Mzee Fulgence, mzee wa kanisa lao, ndani ya suti, Biblia kwapani, yuko tayari kabisa kuitikia.

Yonadabu alimwamkia shikamoo, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru sana, halafu akamweleza kwa upole kwamba kushika Sabato peke yake hakumfanyi mtu kuwa Myahudi. Mzee Fulgence hakupendezwa. Alisema wao wanaishika vizuri kuliko wengi. Mkewe, Oliva, yeye hakuwa na muda wa mabishano. Aliona beseni langu la kambale niliowaandaa kwa ajili ya Jumapili, akaingia jikoni bila kukaribishwa. Aliniambia samaki asiye na magamba hao watu hawali, na yeye hali, imeandikwa, ninasoma nini mimi huko kanisani kwangu? Kambale wakaenda kwa jirani. Nikaagiza perege kutoka Kivukoni, na Oliva akabaki kuwa bosi wa jiko langu.

Aliyenifungulia njia hasa ni bodaboda mmoja. Alikumbuka kuna binti, mtafiti wa mbu, ambaye Ijumaa jua likikaribia kuzama huzima simu na hapandi pikipiki mpaka Jumamosi giza liingie, hata umbembeleze vipi. Nikamfuata binti huyo kazini kwake. Jina lake Talia. Nilipomweleza shida yangu alikaa chini palepale kwenye ngazi. Alisema siku zote yeye na wenzake wawili wanasherehekea Sabato chumbani, madirisha yamefungwa, wakidhani hakuna mwingine kuanzia hapa hadi Morogoro. Akaanza kutuma ujumbe. Huyu akamjua yule, yule akamjua mwingine. Wakapatikana madaktari wawili, mke na mume, wanaojitolea upande wa Mahenge. Wakapatikana mafundi wanne wa mitambo ya umeme waliokuja Kidatu kwa mkataba, mmoja wao kiongozi wao Injinia Arie, mzee wa nywele nyeupe anayeongea Kiswahili cha karakana. Pamoja na Yonadabu, kumi wakatimia. Nilitembea mtaani siku ile kama nimewazaa mwenyewe.

Jumapili mchana turubai lilikuwa limefungwa, viti vimepangwa, wali umeiva. Wageni wakafika, wakapeana mikono na mfiwa, wakamkalisha chini wakakaa naye. Kisha Injinia Arie akasimama kuhakikisha idadi. Hao watu hawahesabiani kwa namba. Husoma aya yenye maneno kumi, kila mtu anapewa neno lake, na neno la mwisho likipata mtu, sala inaweza kuanza. Akaanza kwa Yonadabu. Akampita Talia bila kumpa neno. Akampita na daktari wa kike. Aya ikakatika ikiwa bado ina maneno.

"Hatujatimia," alisema.

Sikuelewa mpaka Talia aliponinong'oneza kwamba kwa baadhi yao, mwanamke hahesabiwi. Yonadabu alisema kwao Mbale wanawake huhesabiwa. Arie akajibu kwamba kwa baba yake hawakuhesabiwa, na yeye ameshika ya baba yake miaka yote. Hakusema kwa jeuri. Lakini wenzake watatu waliinamisha macho, nikajua wakimfuata huyu mzee kwenye gari, Yonadabu atarudi kwenye kigoda chake na mama yake hatasomewa kitu.

Basi nikasimama. Nilimwuliza Arie kama anajua turubai alilokaa chini yake lilifungwa na nani, perege walikaangwa na nani, na yeye mwenyewe alitafutwa na nani. Nilikuwa na mengine ya kusema, mabaya zaidi, lakini Yonadabu alinizuia.

"Mama Agnella, mwache. Hajanikosea. Ndivyo alivyolelewa," alisema. Akawaambia wageni kwamba atasoma zaburi moja, kisha wale chakula. Moyo wangu uliniuma kuliko nilivyotegemea.

Nadhani Arie aliona haya. Alitafuta la kusema ili kulainisha mambo, akamwuliza Yonadabu alijifunzia wapi Kadishi, huko Uganda.

"Kwa mama," alisema Yonadabu. "Nilikuwa mdogo dini yetu ilipopigwa marufuku. Wanaume waliacha kukusanyika. Waliogopa, na siwalaumu. Mama alikuwa anatupeleka migombani, ukituona ungedhani tumefuata majani ya kufungia chakula. Anatufundisha kwa kunong'ona, mstari kwa mstari. Kadishi alitufundisha kabla ya sala nyingine zote. Alisema, hii mtaihitaji kwa ajili yangu."

Hata Oliva alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko wake. Arie alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Mama yako aliitwa nani?"

"Naume."

Arie alilirudia jina hilo mara moja, polepole. Kisha akaanza aya upya. Alianza kwa Yonadabu, akaja kwa wenzake. Alipofika kwa Talia alisita, halafu akampa neno lake. Akampa daktari wa kike lake. Akaenda hivyo mpaka likabaki neno moja, na asiye na neno alikuwa yeye mwenyewe. Akaweka kiganja kifuani akalisema.

"Anza," akamwambia Yonadabu.

Nililia, na sioni aibu kusema. Waliitikia amina, na nje ya turubai Mzee Fulgence na watu wake nao wakaitikia, hakuna aliyewakataza. Yonadabu alisimama wima, akaisoma Kadishi ya mama yake kwa sauti kubwa, wapiga debe wa stendi wakageuka kutazama ni nani huyo.