Mkono Juu ya Sanduku

Bata bukini wa Mu Suqin alikuwa bado amelala chini ya ngazi ya chuma, shingo imepinda, palepale umeme uliovuja kwenye ngazi ulipomuua asubuhi. Mvua ilikuwa imeujaza ua madimbwi. Mjane huyo alisimama mlangoni ndani ya mabuti ya mpira ya marehemu mumewe, na hakuwa na nia ya kuyavua.

Paa lake sasa lilikuwa la kampuni ya sola. Ngazi iliegemea fremu za paneli, na waya wa kuzikwa ardhini, ule wa kuokoa watu umeme unapovuja, ulikuwa bado umeviringishwa juu ya pipa la mahindi.

"Uzikeni kwanza, ndipo nitie kidole kwenye karatasi yenu," alisema Suqin.

Fundi Luan hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Kipimo chake kimeshaandikwa, bibi. Umefaulu."

"Umeupima lini, na waya wenyewe si ule pale?"

"Tulipima kwa Katibu. Nyumba zote ni zilezile."

Diao, katibu wa kijiji, alicheka kicheko cha mtu aliyeshiba. Alinuka pombe ya mtama. "Shangazi, usinitie aibu. Wakubwa wa wilaya wako kwangu mezani, wanasubiri makabidhiano ya mradi. Wenzako wote wametia kidole, mjuaji ni wewe tu? Haya, jina lako likitoka kwenye orodha ya msaada wa wajane, usije kunililia."

Suqin alichovya kidole kwenye wino mwekundu, akakigandamiza kwenye karatasi ambayo hakuna aliyemsomea.

"Sasa picha," alisema Luan. "Mwenye nyumba ashike sanduku la mitambo pale ukutani, atabasamu."

"Linapiga shoti hilo!"

"Basi nazima." Akazima swichi kuu. "Na hayo mabuti vua. Wakubwa wataona unaogopa."

Akavua. Diao aliyapiga teke yasionekane kwenye picha, yakaangukia chini ya ngazi, kando ya bata. Suqin aliweka kiganja juu ya sanduku, miguu mitupu majini.

"Meno, shangazi! Onyesha meno!"

Luan alipiga picha. Suqin akarudi nyuma upesi, naye Luan akawasha swichi, yeye na Diao wakatoka mbio kuwahi nyama kwa Katibu. Sanduku likaanza kuvuma ukutani.

"Mabuti yangu!" Suqin aliita.

Gari lao lilikuwa limeshakata kona. Alibaki katikati ya ua, maji yakimfika vifundoni, akiitazama ngazi na mabuti yaliyo chini yake.